Kuiamsha Printa ya Holili

Kaka Proches,

Naogopa. Nimeona niseme hilo kabla ya salamu, maana hata ningelificha ungelisoma usoni kwangu kabla sijafunga mlango. Sasa salamu. Nyumbani Uru wote wazima. Mama anakohoakohoa lakini jembe haliweki chini. Kahawa imechanua. Yule jogoo wako mwekundu, uliyerudi naye kazini kwapani siku ile badala ya hela, bado anasumbua kitongoji kizima, anawika kabla hata Padre hajaamka, na Mama amegoma katakata kumchinja. Wifi na watoto wako salama. Mimi ndiye siko salama.

Kesho naenda Holili kununua printa.

Ndiyo, mimi. Konso wako wa kwenye kompyuta, wa kupanga maandishi na kugombana na wateja. Konso ambaye ukifungua tu kifuniko cha mashine anatoka nje kununua maandazi ili asiambiwe shika hapa, vuta pale. Usicheke. Nakujua, unacheka.

Nianze mwanzo. Printa yetu ilikufa kwenye matanga yako. Sisemi kwa mafumbo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa bango lako, ile picha ya siku ya Komunyo ya mwanao, umevaa shati la kitenge na jino lako lililovunjika liko nje nje. Nililichapisha mwenyewe, mlango wa duka nusu umefungwa, machozi yanadondokea ile plastiki ya fleksi. Likatoka na mstari mwembamba mweupe umekatiza paji la uso wako, kama mtu amepitisha ukucha. Ungekuwepo ungesema, "Tundu moja limeziba hilo. Osha kichwa, rudia." Sikuosha, sikurudia. Watu walikuwa wananisubiri barabarani tupande Uru na jeneza. Nikalikunja hivyo hivyo, likatundikwa kwenye migomba, na katika umati wote ule nilikuwa mimi peke yangu ninayeuona ule mstari. Padre anahubiri, mimi naangalia mstari.

Halafu Baba Mdogo akashuka mjini kuchukua viti, akapitia dukani, akazima mein swichi. Alifanya kwa heshima, simlaumu. Akarudi akamkabidhi Mama funguo mbele ya watu, akasema, "Nimezima kila kitu. Duka la marehemu haliachwi likinguruma." Wazee wakaitikia kwamba amefanya la maana. Nami nikasema asante, Baba Mdogo. Tukafunga mpaka arobaini, kama ilivyo desturi, kwa sababu ukifungua mapema watasema ulikuwa unangojea afe.

Wewe unajua kilichokuwa kinatokea mle ndani. Wino wa mabango ni kama rangi ya kucha, ukiuacha unakauka pale pale ulipo, na ulipo ni ndani ya vile vitundu vya kichwa ambavyo hata macho hayavioni. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hujaongea na mtu, ulikuwa unaiwasha, unaifanya iteme wino kidogo kwenye chupa ya uchafu, ichapishe vimistari vyake, uvikague. "Naiamsha," ulikuwa unasema. Mafundi wengine wa Moshi wanasema wanaosha, wanapiga testi. Ni wewe peke yako niliyekusikia ukisema unaamsha, na mimi nilikuwa nakutania, nakuuliza kama leo imeamka na uchovu wa pombe ya mbege.

Siku tuliyofungua, haikuamka. Akaja fundi mmoja akaloweka vichwa, akapiga bomba la sindano, akalazimisha, mpaka bodi nayo ikaungua. Akasema, "Dada, hii zika." Halafu akasikia mwenyewe alichosema, akaokota bisibisi zake akaondoka bila kuaga.

Na hilo neno, kuamsha, siliwezi tena. Unajua kwa nini. Ulitoka kufunga bango la jubilei ya masista, ukafika nyumbani umelowa jasho, ukasema, "Nalala kidogo, Konso. Uniamshe saa kumi." Saa kumi nikaja na kikombe cha chai. Nikasimama mlangoni nikaita. Nikaita tena kwa utani, nikasema, mangi, amka, wateja wamejaa. Nikaweka kikombe chini. Nikagusa mguu wako.

Basi. Siendelei hapo.

Tangu siku ile naogopa kuamsha kitu chochote. Watoto wangu wakilala mchana nasimama mlangoni nachungulia kama shuka linapanda na kushuka, halafu namtuma mtu mwingine akawaamshe. Simu ikizimika naogopa kuiwasha. Majirani wanadhani nimechanganyikiwa.

Sasa mwenye fremu ya duka letu amesema Desemba ikiingia hatuna mashine, anampa mtu wa vipodozi. Desemba, Kaka! Si ndiyo mavuno yetu? Watu wanapanda kutoka Dar na Mwanza na wapi, harusi, ubatizo, kipaimara, kila ukoo unataka bango getini lenye sura za mababu. Desemba ndiyo inayolisha nyumba mbili, yangu na yako. Fremu ikienda, mtu wa vipodozi atapaka rangi juu ya jina lako pale mlangoni, na watoto wako watapita hapo wakienda shule.

Mama amemuuza Malaika. Hakuniuliza. Nilirudi nikakuta banda tupu na yeye amekaa anamenya ndizi za mtori kama hakuna kilichotokea. "Ng'ombe kwa ng'ombe," akasema. "Si Proches alikuwa anasema printa ni ng'ombe?" Asubuhi hizi bado anatoka na ndoo kwa mazoea, anafika bandani, anasimama, anarudi nayo. Kwa hiyo ni mara hii tu. Nikiuziwa mbuzi kwenye gunia, hakuna Malaika mwingine.

Nimekaa hapa dukani najaribu kukumbuka ulivyofanya siku tuliponunua ile ya kwanza kule Arusha. Mimi nilikuwa natazama rangi. Wewe ulikuwa unamsalimia muuzaji, unamuuliza habari za mke na mifugo, na kumbe kiganja chako kiko juu ya mashine. Nilidhani madaha. Kwenye basi ndipo ukaniambia ulikuwa unapima kama ina joto, kama ameiwasha kabla hatujafika. "Ng'ombe wa mnadani hajakamuliwa tangu jana, ndiyo maana kiwele kinapendeza. Kamua, kunywa chai, kamua tena. Maziwa ya pili ndiyo yake." Nakumbuka ulisukuma kichwa kwa mkono kwenye reli, umeme umezimwa, umefumba macho unasikiliza. Na nakumbuka hili: "Kila mtu anaangalia inachochapisha. Wewe angalia inachotapika."

Hayo ninayo. Lakini kulikuwa na jambo lingine, Kaka, kulikuwa na jambo la mwisho, nina hakika. Niliporudi na maandazi nilikukuta nje uani unaongea na mama aliyekuwa anafagia, mnacheka, halafu ukaingia ndani ukasema, "Tunachukua." Ulimuuliza nini? Kwa nini sikukuuliza? Nilikuwa na maandazi mdomoni, ndiyo kwa nini.

Naacha hapa. Kesho alfajiri.

*

Kaka, nimerudi. Leo Jumapili. Nimekaa hapa karibu yako kwenye kigoda cha Mama. Masale tuliyopanda pembeni yako yameshika, hata moja halikunyauka. Acha nikupe mkanda mzima.

Dalali anaitwa Tajiri, na ndala zake zimefungwa na waya. Alinipokea kwa mbwembwe: "Dada, mashine ni kitu na boksi! Mwenyewe kahamia Dar kwa haraka, kaacha kila kitu." Nikajisemea, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu anakitembeza mno. Tukaingia kwenye fremu moja kando ya barabara ya mpakani, nyumba ya kuishi iko nyuma yake. Nikamsalimia Tajiri kwa mara ya pili, nikamuuliza habari za nyumbani, nikaweka kiganja juu ya mashine.

Ya moto.

Nikamwambia azime, tusubiri ipoe. Akaniangalia. "Dada, umekuja kununua au kulala?" Nikasema nimekuja kununua, na mimi nanunua polepole. Sauti ilitoka kama ya mtu jasiri, Kaka, si kama yangu.

Ilipopoa nikasukuma kichwa kwa mkono. Nikafumba macho kama wewe. Sikujua nasikiliza nini, lakini hapakuwa na mkwaruzo, kikateleza mpaka mwisho. Nikafumbua macho nikagundua kitu: reli ilikuwa safi. Kule Holili vumbi linaingia mpaka kwenye meno, kwenye meza ungeweza kuandika jina kwa kidole, lakini reli imefutwa. Nani anaifuta, kama mwenyewe yuko Dar? Nikainama kuangalia inachotapika. Chupa ya uchafu mpya kabisa, nyeupe, haina hata tone. Yesu na Maria. Nikaona nimekwisha. Kwa nini mtu abadilishe chupa, kama si kuficha alichotapika mgonjwa?

Tajiri akaiwasha. Vimistari vikatoka vyote, rangi zote. Nikamwambia tunakwenda kunywa chai. Akalalamika njia nzima, lakini chai alikunywa, tena kwa chapati zangu. Tukarudi, nikasema sasa chapisha rangi tupu, upana wote. Ikachapisha. Bluu imejaa, nyekundu imejaa, njano, nyeusi, hakuna hata uzi mweupe. Maziwa ya pili yale.

Wewe ungefurahi. Mimi nilizidi kuogopa, kwa sababu chupa bado ilikuwa mpya na mwenyewe bado alikuwa Dar. Kuna watu wanazibua vichwa kwa dawa kali, mashine ikachapisha wiki moja vizuri, ya pili ikafa moja kwa moja. Hilo pia ulinifundisha. Nikamwambia Tajiri naomba nijisaidie, nikatokea mlango wa nyuma.

Uani alikuwepo mama mmoja wa rika langu anachambua maharage kwenye ungo, amevaa kitambaa cheusi kichwani. Na dirisha la nyumba, Kaka, limezibwa kwa bango kuzuia vumbi. Bango la msiba. Baba mmoja amevaa suti, jua limeanza kumla rangi, na chini yake "Pumzika kwa amani". Hiyo ndiyo Dar aliyohamia.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliona kila kitu kwa pamoja: mtu na funguo, wazee wanaitikia, mein swichi inashushwa, mlango unafungwa, wino unakauka kimya kimya gizani. Printa ya marehemu! Malaika ameuzwa ili nimnunulie Mama maiti. Nilitaka kukimbia. Nilishageuka, nakwambia. Lakini kwenye fremu Tajiri alikuwa anapiga kelele kwamba wateja wengine wako njiani, na kati ya Tajiri na yule mama, mama alikuwa anatisha kidogo zaidi lakini hakuwa na sura ya mtu anayedanganya.

Nikamsogelea nikampa pole. Nikakaa chini, nikaanza kuchambua naye maharage, maana mikono ilikuwa inahitaji kushika kitu. Anaitwa Mama Glory. Aliyepo dirishani ni mume wake. Sikujua niulizeje, nikauliza tu kama mtu wa msibani anavyouliza: duka mlifunga mpaka lini?

"Mpaka arobaini," akasema.

Nikaweka maharage chini. Nikashika goti ninyanyuke. Ndipo akaangalia mlango wa pili, wa shemeji yake, akashusha sauti. "Lakini mashine niliiamsha kila asubuhi."

Niliiamsha, Kaka. Alisema niliiamsha.

Nikamwambia sema tena. Akadhani namlaumu, akaanza kujitetea. Kwamba walimtukana sana. Kwamba shemeji yake alimkuta mle ndani siku ya pili tu ya msiba, akamwambia mke gani huyu, mume hata hajazikwa yeye anakwenda kuchapisha, na kwamba baada ya hapo ikabidi awe anaamka kabla watu wa matanga hawajaamka, anajifunika khanga kichwani, anaingia. "Baba Glory aliniusia. Na yeye aliusiwa na fundi wa Uru, mmoja mrefu hivi, anaimba nyimbo za misa wakati anafungua skrubu. Alisema hii kitu usiiache ilale zaidi ya usiku mmoja, iamshe kila asubuhi hata kama huna kazi." Akacheka kidogo, akafuta jicho. "Siku hiyo hatukuwa na hela. Baba Glory akampa jogoo."

Kaka. Jogoo!

Yeye anaendelea tu na maharage yake. Akasema yule Tajiri ni bure kabisa, kambadilishia chupa ya uchafu eti ipendeze, na kamkataza kusema kuhusu msiba kwa sababu watu wanaogopa mashine ya marehemu. Nikamuuliza wino mchafu uko wapi. Akanipeleka nyuma ya jiko. Dumu limefunikwa na mfuniko wa sufuria. Hajui aumwage wapi, maana fundi alikataza wasiumwage bustanini, alisema yeye aliua mgomba wa mama yake akapigwa mwiko mgongoni. Ule mgomba wa mshare, Kaka! Mpaka Holili umeutangaza! Nikachukua kijiti nikatumbukiza. Kikatoka kinachuruzika, wino mbichi, na harufu ile ile ya shati lako. Dumu lilikuwa limejaa karibu na shingo. Asubuhi zake zote zilikuwa mle.

Hapo nilijua ulimuuliza nini yule mama wa Arusha mwenye ufagio. Ulimuuliza nani anayeiamsha.

Nikalia, Kaka. Nikalia nimeshika kijiti cha wino mchafu kama mwehu, mpaka Mama Glory akaogopa, akaniuliza kama wino umeniingia jichoni. Nikamwambia huyo fundi ni kaka yangu. Uso wake ukachanua! Akanishika mkono, akasema, "Jamani! Hajambo?"

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Amelala."

Akaniangalia. Akaangalia sketi yangu nyeusi, ambayo nadhani hakuwa ameiona mpaka wakati huo. Akaacha maharage, akanikumbatia pale pale nyuma ya jiko, na tukakaa hivyo mpaka Tajiri akaja kuuliza tunanunua au tunalia.

Nikamwambia tunanunua. "Si nilikuambia kitu na boksi!" akasema. Bila aibu. Na hakujua hata kwamba kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambacho bila hicho programu haifunguki, hakipo. Angeniuzia mashine bubu. Mama Glory alikuwa nacho kwenye kifuko cha rozari. Akanipa na kifuko chake.

Tukaipakia kwenye kenta, chini magodoro, juu blanketi. Dereva akanitaka nikae mbele, nikakataa, nikakaa nyuma nimeikumbatia. Kila tuta nasema Salamu Maria. Mama Glory alisimama barabarani bila kutupungia mkono, amejishika tumbo tu, mpaka tukakata kona.

Iko dukani sasa. Nimeifunika. Haijaamshwa tangu jana tulipoijaribu, na ule usiku mmoja uliousema nimeshaupitisha kwa woga, kwa hiyo kesho ni lazima. Na njia nzima ilitikiswa, Kaka, wino unaweza kuwa umerudi nyuma, kichwa kinaweza kuwa kimegonga, sijui. Mama ameniuliza kama ni nzima. Nikasema ni nzima. Kisha nikaja kukaa hapa kwako.

*

Jumatatu, dukani.

Nilifika mapema. Nilifungua mlango, nikatoa blanketi, nikachomeka. Halafu nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikasimama. Kama siku ile. Sikuwa na chai mkononi, hiyo ndiyo tofauti. Nilikuwa naangalia swichi tu, nasubiri mtu mwingine atokee nimtume. Hakuna aliyetokea. Saa hizo hata muuza magazeti hajafika.

Nikasema, mangi, amka. Kwa sauti. Nikaenda nikabonyeza.

Kimya. Unaijua ile nukta, taa imewaka lakini haijaamua. Nilikufa mle ndani, Kaka. Niliona kila kitu, Malaika, mtu wa vipodozi na kopo la rangi, mguu wako. Nikashika ukingo wa meza nikafumba macho.

Kichwa kikagonga pembeni, tak, kikaondoka kwenye reli, kikaenda mpaka mwisho kikarudi. Ikatema. Nikainama kuangalia inachotapika kabla ya kitu kingine chochote. Ikachapisha vimistari. Mmoja wa njano haukuwepo. Nikaosha kichwa, mimi, kwa mikono yangu hii. Nikarudia. Wote wakawepo.

Kazi ya kwanza haikuwa ya mteja. Nilifungua faili lako. Ukatoka polepole, nywele kwanza, halafu paji la uso, nikawa nimeinama karibu mpaka pumzi yangu inagusa fleksi. Hakuna mstari, Kaka. Shati la kitenge, jino lako, kila kitu. Nitalitundika kwenye migomba siku ya misa yako ya mwaka, na safari hii nitamsikiliza Padre.

Ya pili nimemchapishia Mama Glory sura ya mume wake upya, alinipa picha, kwa sababu ile ya dirishani jua litaimaliza. Na jana usiku kabla ya kulala nilimwambia Baba Mdogo, mbele ya Mama, kwamba siku yoyote, msiba wowote, hata wangu mimi, mtu asiguse mein swichi ya duka. Alinuna. Baadaye akasema, "Basi na mimi siku yangu mniachie redio." Tutamwachia.

Usidhani woga umeisha. Kesho nitaogopa tena kabla ya kubonyeza, na keshokutwa, nadhani nitakuwa naogopa kila asubuhi ya Mungu. Lakini nitabonyeza. Naahidi, Kaka, siku ya kazi na siku ya sikukuu na siku ya kilio, kabla ya chai, kabla sijaongea na mtu. Wateja wameanza kuingia, kuna mama hapa anataka bango la harusi na anataka liwe kubwa kuliko la jirani yake, njoo umtulize wewe kama unaweza.

Ulisema nikuamshe saa kumi na nikashindwa. Sasa sikuamshi tena. Wewe lala, Kaka. Hii nitaiamsha mimi.

Konso wako